Kolwezi: mbele ya kupiga picha na mtoto wa sokwe, vijana wa Manika waulize mama yake yuko wapi

Kijana wa komini ya Manika anayetaka kuona nyama wa pori hana njia nyingi. Mbuga ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka wa 1939, inagusa jimbo letu la Lualaba, Haut-Lomami na Haut-Katanga, na ndimo wanabaki punda milia wa mwisho wa Kongo. Lakini safari ni ngumu na inaomba makuta ambayo wengi hawana. Kwa hiyo mtu akipita kwenye nganda na mtoto wa sokwe, ao sokomutu, simu zinatoka mifukoni.

Vijana hawasikilizani juu ya jambo hilo. Wako wanaosema picha ni ya dakika moja, na mwenye nyama anapata chakula cha watoto wake. Neno hilo si la kudharau katika mji ambamo asiye na kazi anaishia kwenye mashimo ya kobalti.

Lakini mama sokwe hamwachi mtoto. Wawindaji wanamuua kwanza, mara nyingi pamoja na wengine wa kundi wanaokuja kumtetea. Anayelipa picha analipa pia risasi. Na mtoto huyo anakua: kisha miaka michache anauma, ana nguvu kupita mtu, na anamalizia maisha kwenye mnyororo. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe vya asili inakataza kukamata nyama wanaolindwa, na sokwe ni mmoja wao.

Lubumbashi, kilomita 300 hivi kutoka hapa, kituo cha J.A.C.K. kinalea sokwe walionyang'anywa wauzaji tangu mwaka wa 2006. Hata humo waliingia wezi: tarehe 9 Septemba 2022 walibeba watoto 3 wa sokwe na kuomba makuta ili wawarudishe.

Utalii wenyewe hauna kosa. Virunga, waliotembelea gorila walivaa maski, walisimama mbali, na kisha saa moja waliondoka, juu gorila anaambukizwa magonjwa yetu. Makuta yao yalisaidia kulipa walinzi.

Upemba ingeweza kupatia vijana wa Lualaba kazi za namna hiyo: waongozaji, walinzi, madereva, wapishi. Sheria ya madini ya mwaka wa 2018 inaachia jimbo 25% ya malipo ambayo makampuni yanatoa juu ya madini wanayouza. Wakubwa wa jimbo wangeanza na barabara ya kwenda mbugani.