Barafu ya Kaskazini na Mvua ya Ziwa Victoria

Chini ya tope la Ziwa Victoria kuna udongo wa nchi kavu. Watafiti waliotoboa sakafu ya ziwa walipita tope laini jeusi, kisha wakakuta tabaka gumu lenye vijizizi vya mimea vilivyosimama wima, kama vilivyoota. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba ziwa lilikauka, likaanza kujaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita. Aina nyingi za furu, samaki wadogo wanaofahamika sana kwa wavuvi wa Mwanza, zimechipuka tangu hapo.

Ukame huo ulikwenda sambamba na tukio la mbali mno. Miaka ipatayo 17,000 hadi 16,000 iliyopita, barafu nene iliyofunika Kanada ilimeguka, vipande vyake vikamiminika baharini Atlantiki na kuyeyuka. Maji baridi yasiyo na chumvi ni mepesi, hivyo yalitanda juu na kuudhoofisha mkondo unaopeleka joto la tropiki kaskazini. Joto likagawanyika upya duniani, pepo za msimu zikapungukiwa nguvu, na mvua ya Afrika Mashariki ikapungua vibaya.

Ziwa halikuwa na kinga. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia humo ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Kagera, Mara, Simiyu na mito mingine huleta yaliyobaki. Maji mengi hutoka kwa kugeuka mvuke. Mvua ikikatika, jua haliachi kuvuta.

Leo barafu inayeyuka tena, ingawa katika dunia yenye joto zaidi kuliko ile. Tangu 2002 Greenland imepoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi kwa mwaka. Mwanza, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, haitafikiwa na maji hayo kama Dar es Salaam au Zanzibar. Njia ya kuifikia ni hewa.

Hata hivyo, si sahihi kuitwika barafu kila dhoruba. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa. Pepo kutoka pande zote za ufukwe hukutana juu ya maji yenye joto, hewa ikapanda na kuzaa mawingu ya radi. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa, wanaowasha taa ziwani gizani, hukumbwa na dhoruba kuelekea alfajiri. Nazo mvua kubwa za vuli ya 2019 zilichochewa na Bahari ya Hindi, iliyopata joto kupita kawaida upande wa Afrika. Mei 2020 ziwa lilivunja rekodi ya kina ya mwaka 1964, na Mei 2024 likapanda zaidi.

Athari ya barafu ni ya polepole na pana zaidi. Majaribio ya kompyuta yanayomwaga maji baridi Atlantiki ya kaskazini huonyesha ukanda wa mvua wa tropiki ukisogea kusini. Ukanda huo ndio unaolivuka ziwa mara mbili kwa mwaka na kuleta vuli na masika. Mkondo wa Atlantiki unapimwa mfululizo tangu 2004, na mwaka 2021 Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi lilieleza kwamba yaelekea sana utadhoofika katika karne hii, bila kutarajiwa kusimama ghafla kabla ya 2100.