Nywele Ndefu za Mwanamume: Tatizo si Urefu

Ukipita kwenye mabaraza ya Mji wa Kale hapa Mombasa baada ya sala ya Alasiri, hukosi kusikia wazee wakilalamika juu ya vijana na nywele zao. Mmoja atasema ni uhuni uliotoka kwenye sinema. Wa pili atasema ni kujifananisha na wanawake. Wa tatu, kabla hajamaliza kikombe chake cha kahawa, ameshatoa hukumu kwamba ni haramu. Mimi husikiliza kwa makini, maana jambo lenyewe lanihusu. Nimepita miaka hamsini, nina watoto wakubwa, na nywele zangu zinafika mabegani. Watu wa mtaani wamenizoea. Mgeni akiniona na kanzu na kofia huku nywele zimeshuka shingoni, huniuliza, "Ami, wewe ni Rasta au ni Maalim?" Tukacheka, tukaamkiana, yakaisha.

Lakini si kila mahali yanakwisha kwa kicheko. Yupo kijana mmoja ninayemjua ambaye alikuwa hakosi jamaa ya Alfajiri, na mwezi wa Ramadhani ndiye aliyekuwa akiwagawia watu tende na maji wakati wa kufuturu. Alifuga nywele, zikafika shingoni. Ijumaa moja mzee mmoja akamwambia mbele za watu kwamba nywele kama zile mahali pake ni ufukweni, si mbele ya mihrabu. Kijana hakujibu neno. Alichukua viatu vyake akaenda zake, na yapata miaka miwili sasa hajaonekana tena katika safu. Msikiti siutaji na mzee simtaji, kwani shabaha yangu si kumfedhehi mtu. Nauliza tu, enyi wasomaji wapenzi: je, nywele zilistahili gharama hiyo?

Tuanze na ada yetu. Waswahili wa mwambao kwa muda mrefu wamependa kichwa kilichonyolewa, kikavishwa kofia ya viua au kilemba. Ada hiyo ina sababu njema: joto la pwani, jasho, chawa, na wepesi wa kutawadha. Hata mtoto mchanga hunyolewa, na ni suna siku ya 7, pamoja na akika yake, kutoa sadaka ya fedha kwa uzito wa nywele zile. Hivyo basi, mzee anayepapasa upara wake kwa fahari hana kosa. Ila ada ni ada na sheria ni sheria, na aghalabu sisi watu wa pwani huvichanganya viwili hivi kama tui na maji.

Maana Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) mwenyewe alifuga nywele. Imamu Tirmidhi, katika kitabu chake cha Shamaili kinachoeleza sifa za Mtume, ametenga mlango mzima wa nywele zake na mwingine wa namna alivyozichana. Masahaba wamepokea kwamba mara zilifika kwenye ndewe za masikio, na mara zilifika mabegani. Umm Hani (R.A.) amesimulia kuwa Mtume alipoingia Makka alikuwa na misuko minne. Na Bi Aisha (R.A.) ametueleza kwamba Mtume alipokuwa katika itikafu alikuwa akimtolea kichwa chake kutoka msikitini, naye akamchana akiwa chumbani mwake. Tazama basi: nywele za mwanamume zilichanwa pale pale kwenye ukuta wa msikiti wa Madina.

Wala hayakuishia Madina. Msafiri wa Kiingereza Wilfred Thesiger, ambaye baadaye aliishi miaka mingi Maralal hapa Kenya, alivuka jangwa la Rub al-Khali mara mbili kati ya mwaka 1946 na 1948. Picha alizopiga zinawaonyesha mabedui waliomwongoza, vijana wa Kiislamu, nywele zao zikiwa ndefu. Hakuna aliyewadhania kuwa ni wanawake.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Wazee nao wana hoja zao, na kijana anayetaka kufuga nywele hana budi kuzijua. Sahaba Wail bin Hujr alimwendea Mtume akiwa na nywele ndefu, akasikia neno la kutopendezwa. Alikwenda akazikata, kisha akarudi. Mtume akamfahamisha kuwa hakumkusudia yeye, lakini akasema hivi alivyofanya ni vizuri zaidi. Pia Mtume alikataza kunyoa upande mmoja wa kichwa na kuacha mwingine. Hapo ndipo huwashangaa baadhi yetu: kijana mwenye nywele za kufika mabegani anazomewa, na mwenzake aliyekwanguliwa pande zote mbili akaachiwa shungi utosini anapita salama! Aidha, mwanamume kujifananisha na wanawake kumekatazwa. Kwa hiyo, anayesuka asichukue mitindo ambayo mjini kwake inajulikana kuwa ni ya akina mama, wala asiunge nywele za bandia.

Sasa tuje kwenye kiini. Imepokewa kwamba mwenye nywele na azikirimu. Neno hilo ni zito. Anayefuga nywele amejitwika deni, nalo hulipwa kila wiki kwa maji, kwa chanuo na kwa mafuta. Nionavyo mimi, ugomvi mwingi katika mabaraza hautokani na urefu. Unatokana na nywele zilizotelekezwa, zinazonuka jasho na kubeba mba, mwenyewe akasema huo ndio mtindo.

Kulilipa deni hilo si kazi ngumu. Nywele za watu wengi wa kwetu zimejipinda, na mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hushindwa kuteremka hadi kwenye ncha. Ndiyo maana hukauka na kukatika pale zinapojikunja. Usizichane kavu. Zitie maji au mafuta kwanza, shika chanuo la meno mapana, anzia kwenye ncha, upande kidogo kidogo hadi kwenye shina. Ukianzia juu utakusanya mafundo yote mahali pamoja na kuzing'oa. Nywele 50 hadi 100 kutoka kwa siku ni jambo la kawaida, usifadhaike. Nazo hurefuka kwa kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwezi, kwa hiyo atakaye za mabegani na awe na subira ya miaka.

Kwa kuosha, mara moja au mbili kwa wiki yatosha. Bibi zetu walitwanga majani ya mkunazi wakayakoroga kwa maji mpaka yakatoa povu, na mkunazi huo ndio Mtume aliomwamrisha Qais bin Asim aogee aliposilimu. Anayependa sabuni ya nywele ya dukani, hewala, mradi aisuuze ikatoke yote. Kwa mafuta, sioni yanayoyashinda ya nazi. Kuna nazi, tui hukamuliwa na kuchemshwa hadi mafuta yajitenge. Wataalamu wamekuta kwamba mafuta hayo hupenya ndani ya unywele wenyewe na kuupunguzia madhara ya kuoshwa. Lakini mwenye mba asiyamimine kwenye ngozi, kwa kuwa vijidudu vinavyoleta mba hula mafuta. Apake nywele, aache ngozi.

Wavuvi na waogeleaji wapake mafuta kabla ya kuingia baharini, na wakitoka wajisuuze kwa maji ya mfereji, maana chumvi ikikaukia kichwani huzifanya nywele ziwe kama makumbi. Anayefunga fundo kisogoni asilikaze kila siku mahali pamoja. Nywele za kwenye panja hung'oka polepole, na miaka ikipita mashina hufa, zisiote tena. Usiku, mto wa pamba hunyonya mafuta. Wanawake hutumia kitambaa cha hariri, nasi wanaume hariri tumekatazwa kuivaa. Lakini satini nyingi ya madukani leo hufumwa kwa nyuzi za kiwandani, haina hariri hata uzi mmoja. Muulize mwenye duka kabla ya kununua.

Tena mambo yote mtu asipitilize. Imepokewa katazo la mwanamume kujichana kila siku, ila siku moja kwa moja, ili asije akawa mtumwa wa kioo.

Upo pia upande wa ibada, na hapa ndipo mwenye nywele ndefu anapopaswa kuwa mwangalifu kuliko mwenye upara. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Shafi, na wengi wetu tungali humo. Kwa Shafi, katika udhu yatosha kupaka sehemu ya kichwa, lakini iwe ni nywele zilizo ndani ya mpaka wa kichwa. Ukipaka ncha zinazoning'inia begani, hukupaka kitu. Katika josho la janaba, maji ni lazima yafike kwenye kila unywele hadi ngozini. Misuko ikiwa imelegea na maji yanapenya, si lazima kuifumua. Ikiwa imebana na maji hayapiti, ifumuliwe. Vivyo hivyo nta na gundi za kusokotea nywele zikigandamana huzuia maji, na josho halijatimia.

Katika sala ni makuruhu mwanamume kusimama na nywele alizozifunga fundo kisogoni. Ibn Abbas (R.A.) alimwona mtu akisali hali hiyo, akamwendea kwa nyuma akalifungua. Ziachie nazo zisujudu. Ila chunga zisije zikashuka usoni zikafunika paji lote, kwani paji sharti liguse mahali pa kusujudia. Kofia iliyorudishwa nyuma kidogo inazishika vizuri.

Na anayejaaliwa kwenda Hijja ajue kwamba akishaingia katika ihramu hakati unywele, wala kwa madhehebu yetu hatii mafuta kichwani. Mtume alizigandisha nywele zake kwa kitu cha kunata kabla ya ihramu, zisitimke wala kuingia vumbi. Mwisho wa ibada ni kunyoa au kupunguza, na waliojinyoa Mtume aliwaombea dua zaidi kuliko waliopunguza. Ndiyo kusema, hata mfuga nywele hodari ipo siku ataombwa azitoe kwa ajili ya Mola wake. Asiyeweza kuzitoa siku hiyo, basi nywele ndizo zinazomfuga yeye.

Wazee wangu, naijua hofu yenu. Mmewaona vijana kule Malindi na Diani walioanza kwa nywele wakaishia kwenye unga. Lakini unga ndio uliowaua. Kijana akija msikitini na nywele safi zilizochanwa, mwiteni kando, muulizeni kama maji yanafika kwenye mashina, mfundisheni kulifungua fundo kabla ya takbira. Hayo ndiyo malezi. Neno la kumwaibisha mbele ya safu halimnyoi mtu, humfukuza.

Nanyi vijana, msichukue suna ya urefu mkaiacha suna ya usafi. Mkiulizwa na mzee, jibuni kwa heshima na mwamkie shikamoo kabla ya kuleta hoja. Wahenga walisema heshima si utumwa. Mwenye kichwa cheupe na mwenye shungi wote wanaelekea kibla kimoja, na safu yetu bado ina nafasi.