Utulivu Unaoficha Ugonjwa wa Kichanga

Siku 28 za kwanza, ambazo wataalamu huziita kipindi cha uchanga, ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote za utotoni, na ugumu wake ni kwamba kichanga anayeugua mara nyingi halii sana wala hapati homa, bali hulegea, hulala mno na kuonekana mpole, hata jamaa wakamsifu kwa kutosumbua. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walihimiza mama na mtoto watembelewe nyumbani siku ya kwanza na ya tatu, na ikiwezekana ya saba. Ziara hizo zina thamani ya pekee pale ambapo mzazi hukaa ndani hadi arobaini, kwa kuwa desturi hiyo, iliyokusudiwa kumpumzisha, humficha pia mtoto mgonjwa.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefunzwa vyema hatosheki kuuliza kama mtoto ananyonya, kwani jibu huwa ndiyo. Huomba anyonyeshwe mbele yake, akatazama kama anavuta na kumeza, au anashika chuchu na kuiachia. Kisha hufunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, maana upumuaji wa kichanga hauna mwendo mmoja: huharakisha, husita, kisha huendelea. Zikifika 60 au zaidi huhesabu tena, na zisipopungua, hiyo ni dalili ya hatari, kama ilivyo kushindwa kunyonya, degedege, kifua kubonyea sana ndani anapovuta pumzi, kutojongea mpaka aguswe, joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi, na mwili kupoa chini ya nyuzi 35.5. Hii ya mwisho ndiyo ipuuzwayo zaidi, ilhali maambukizi makali huweza kumpoza mtoto badala ya kumchemsha, hasa njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha nchi sita zikiwemo Ghana na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kuwapo kwa mojawapo tu ya dalili hizo saba kulitambua takriban watoto 85 kati ya 100 waliokuwa wagonjwa sana katika wiki ya kwanza. Wapo wazima ambao nao hupelekwa hospitali kwa kipimo hicho, lakini nauli iliyopotea huweza kupatikana tena, uhai haurudi. Anayepewa rufaa hubebwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi chini ya kanga, na huendelea kunyonyeshwa njiani.