Vumbi Halifuati Skeli

Anayeliona kwa mara ya kwanza gari la mfano lililoundwa kwa ustadi, lenye urefu wa sentimita 17 na kila taa, kila nembo na kila waya wa plagi mahali pake, hudhani siri ya kazi hiyo ni subira na wepesi wa vidole. Huamini kwamba muundaji alichukua vipimo vya gari halisi, akavigawa kwa 24, kisha akakata kila kipande kwa ukubwa uliopatikana. Imani hiyo ni kweli nusu. Urefu na upana hugawanyika bila taabu, lakini mengi yanayolifanya gari lionekane gari hayakubali kugawanywa. Uzito hupungua kwa kanuni yake, mwanga una yake, maji hubaki maji, na vumbi hubaki vumbi. Hoja yangu ni kwamba kuunda magari ya mfano pamoja na gereji zake ndogo ni kazi ya kuamua zaidi kuliko kazi ya kupunguza, na kwamba ubora wake hupimwa kwa jinsi muundaji anavyoelewa sababu ya kila anachokiweka, si kwa wingi wa vipande.

Hata skeli zenyewe, yaani uwiano kati ya mfano na gari halisi, zilizaliwa na mazoea ya watu. Skeli ya 1/43, ambayo wakusanyaji wa Ulaya wanaipenda sana, ilitoka kwenye treni za kuchezea: huko Uingereza milimita 7 zilisimama badala ya futi 1, na magari ya Dinky, yaliyotolewa na kampuni ya Meccano ya Liverpool katika miaka ya 1930, yalianza kama mapambo ya reli hizo. Skeli ya 1/24 ni nusu inchi kwa futi 1. Skeli ya 1/25 ilishika mizizi Marekani, ambako kampuni kama AMT, iliyoanzishwa mwaka 1948, zilitengeneza magari madogo ya plastiki ili wauzaji wa magari wawaonyeshe wateja matoleo mapya. Basi tangu mwanzo mtu alichagua ukubwa unaomfaa kwa kazi aliyokuwa nayo, na uchaguzi huo ukaamua nini kitaonekana na nini kitapotea.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayofichua tatizo. Ukipunguza urefu mara 24, eneo la uso hupungua mara 576, na ujazo mara 13,824. Gari la tani 1 likipunguzwa kwa haki lingekuwa na uzito wa gramu 72 hivi. Tairi la gari halisi hubonyea pale linapokanyaga ardhi kwa sababu limebeba mamia ya kilo. Tairi la mfano halina mzigo wa kulibonyeza, hubaki duara kamili na kugusa sakafu kwa mstari mwembamba, na jicho, bila kujua kwa nini, huona gari linaloelea. Muundaji mzoefu hulisugua tairi kwa msasa upande wa chini mpaka lipate bapa dogo. Kwa kipimo cha rula ameliharibu, lakini macho yataona uzito ambao mizani haiuoni. Rangi nayo ina kesi yake. Tabaka zote za rangi kwenye bodi ya gari halisi huwa na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Unene huohuo ukipulizwa juu ya mfano wa 1/24 unakuwa sawa na milimita 2.4 juu ya gari halisi, unatosha kufukia nembo na kuziba mstari wa mlango. Chembe zinazong'aa ndani ya rangi ya metali, ambazo barabarani hazionekani moja moja, kwenye mfano hugeuka vipande vya kumetameta. Ndiyo maana rangi ileile ya kiwandani, yenye namba sahihi kabisa, inaweza kutoa gari dogo lenye sura ya uongo.

Mashindano ya magari ya Safari Rally ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano hayo wakiwa ndani ya Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, na kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa seti ya vipande vya gari hilo kwa skeli ya 1/24. Seti inampa mjenzi bodi, taa za ziada, stika na namba ya mlangoni. Haimpi vumbi, na gari la Safari lisilo na vumbi ni gari la dukani. Kishawishi cha kwanza ni kuchota udongo halisi na kuunyunyiza. Hapo skeli hulipiza kisasi: chembe ya mchanga ya nusu milimita inakuwa jiwe la milimita 12, na gari linaonekana limemwagiwa kokoto. Hivyo waundaji hutumia unga laini wa rangi au chaki iliyosagwa, wakaushika kwa vanishi isiyong'aa. Swali gumu zaidi ni wapi vumbi likae. Gari linalokimbia huacha nyuma yake hewa yenye mgandamizo mdogo, na hewa hiyo huvuta vumbi na kulibandika kwenye kioo cha nyuma na taa za nyuma. Matairi hurusha tope nyuma ya matao ya magurudumu na kwenye kingo za chini za milango. Waipa huacha nusu duara safi kwenye kioo cha mbele, na pembeni yake uchafu hulundikana. Kwenye kitasa cha mlango mikono imefuta. Rangi ya vumbi pia ina anwani: udongo mwekundu wa nyanda za juu si unga wa kijivu wa ardhi ya volkano katika Bonde la Ufa. Mjenzi anayepaka kahawia moja kila mahali amepamba. Anayejua gari lilipita wapi na hewa ilizunguka vipi ameeleza.

Gereji ndogo inayojengwa kulizunguka gari huongeza ugumu, kwa sababu sasa kuna sakafu, kuta, mwanga na dalili za watu wasioonekana. Oili iliyomwagika haiwezi kuwa oili. Tone la kimiminika lenye upana wa milimita 3 hutuna juu ya sakafu ndogo na kuwa sawa na tone la upana wa sentimita 7 kwenye gereji halisi, hivyo doa hutengenezwa kwa vanishi inayong'aa juu ya rangi nyeusi iliyofifishwa ukingoni. Doa likikaa chini ya injini na jingine chini ya difu, mtazamaji anaelewa kwamba magari huegeshwa hapo kwa mwelekeo mmoja. Madoa yakitawanywa ovyo, sakafu haisemi chochote. Ukuta huchafuka kwa urefu wa mkono, karibu na swichi na mlango. Atakayejenga gereji ya Grogan jijini Nairobi au ya Gerezani jijini Dar es Salaam ana somo lake: mara nyingi sakafu ni ardhi iliyoshiba oili mpaka ikawa nyeusi na ngumu, mawe au magogo hushika nafasi ya stendi, na injini iliyoshushwa hulala juu ya tairi kuukuu. Mwanga nao hauchezewi. Balbu ya sentimita 6 iliyowekwa juu ya meza ni sawa na taa yenye upana wa karibu mita moja na nusu, na vivuli vyake hulegea kupita vivuli vya jua. Mmarekani Michael Paul Smith, aliyejulikana kwa picha za mji wake wa kubuni, Elgin Park, aliliepuka tatizo hilo kwa kuyapeleka magari yake ya 1/24 nje, akayapanga juu ya meza mbele ya miti na nyumba halisi, na kupiga picha kamera ikiwa chini, kwenye kimo cha mtu mdogo wa skeli hiyo. Kimo hicho ni karibu sentimita 7 tu.

Hapa mpinzani wa kwanza atasimama. Ikiwa mjenzi anabonyeza tairi lisilobonyea na kufifisha rangi iliyo sahihi, si anadanganya? Na akiruhusiwa kuamua, si kila kosa litaitwa uamuzi? Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake ni kutofautisha vitu viwili. Umbo na vipimo havina mjadala: mahali pa mlango, kimo cha paa na umbali kati ya magurudumu hutoka kwenye gari, na anayevikosea amekosea. Kinachoamuliwa ni yale ambayo maumbile yanakataa kuyapunguza, na hapo kutoamua hakumwokoi mtu na uongo, kwa kuwa rangi nene na tairi linaloelea ni uongo pia, tena uliofanywa bila kufikiri. Wahandisi wanalijua jambo hili vizuri. Timu za Formula 1 hupima miundo yao kwenye handaki la upepo kwa mifano isiyozidi asilimia 60 ya gari kamili, na kwa kuwa hewa haipunguzwi pamoja na gari, mkondo wake juu ya mfano haufanani moja kwa moja na ule wa barabarani. Vipimo vinavyopatikana lazima visomwe kwa marekebisho. Marekebisho hayo ndiyo yanayovifanya vipimo hivyo viaminike.

Mpinzani wa pili atasema zama za kazi hii zimepita, kwa kuwa mashine ya kuchapa vitu inaweza kutoa injini nzima kutoka kwenye faili ya kompyuta, na viwanda huuza magari ya chuma yaliyokamilika. Ni kweli kwamba mashine imeondoa adha nyingi za kuchonga. Lakini mashine hutoa umbo, na umbo ndilo lililokuwa upande mwepesi wa kazi. Faili haijui kwamba nusu ya kioo imefutwa na waipa. Viwanda vyenyewe vimethibitisha kwamba vipimo pekee havitoshi: katika miaka ya 1970, kampuni ya Tamiya ya Shizuoka ilipokuwa ikiandaa mfano wa Porsche 934, mmoja wa viongozi wake, Shunsaku Tamiya, alinunua Porsche 911 halisi, ikafunguliwa vipande vipande ili ieleweke ilivyoundwa.

Pingamizi la tatu linatuhusu zaidi: huu ni mchezo wa wenye fedha, na seti zinazotoka Japani pamoja na rangi na kompresa ni gharama isiyo na maana kwa wengi wetu. Gharama ipo, sitaikana. Ila hoja hii inasahau kwamba kwa muda mrefu watoto wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiunda magari ya mfano kwa waya na magurudumu ya ndala zilizokatwa, bila duka lolote. Gari la waya halina bodi, halina rangi, na mara nyingi lina mistari michache tu, ilhali mpita njia hutambua papo hapo kama ni lori au Land Rover. Mtoto ameamua kwamba kimo cha kebini, mkunjo wa boneti na keria vinatosha kulisema gari lile, na akaacha yaliyobaki. Uamuzi huo ni wa aina ileile na ule anaoufanya mwenye seti ghali. Tofauti ni ya vifaa. Maboksi, waya wa simu uliotupwa na chaki vinatosha kwa mtu anayetaka kujenga gereji ya kwanza.

Kutokana na haya, namna yetu ya kuhukumu kazi hizi inafaa kubadilika. Kuhesabu vipande ni rahisi na hakuthibitishi mengi. Njia bora ni kunyoosha kidole mahali popote kwenye mfano, iwe doa, mkwaruzo au tairi, na kumuuliza muundaji kwa nini. Akijibu kwamba kwenye picha kulikuwa hivyo, amefanya kazi safi ya kunakili. Akieleza nguvu, mkono au safari iliyoacha alama ile, amelielewa gari, na ufahamu huo atabaki nao hata mfano ukivunjika.