Mtoto Asiyetaka Kula: Njaa Yake Imekwenda Wapi?

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika sana katika kliniki za watoto ni lile la mama asemaye, "Daktari, mwanangu hali chakula." Mtoto mwenyewe, wa miaka miwili hivi, yumo mapajani mwa mama, ana biskuti mkononi. Akiulizwa mtoto amekula nini tangu asubuhi, mama hujibu, "Hakuna." Akiulizwa saa kwa saa, hesabu hubadilika: kikombe cha maziwa alipoamka, chai na nusu andazi saa mbili, juisi ya pakiti njiani, kisha maziwa tena ili asishinde na njaa. Ugali, mchicha na dagaa vinapoandaliwa saa saba mchana, mtoto hugeuza uso. Ameshiba.

Umri nao una sehemu yake. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hukaribia kilo 9 atimizapo mwaka mmoja, lakini katika mwaka wa pili huongeza takribani kilo 2 na nusu tu. Mwili umepunguza mwendo, na hamu ya chakula hupungua pamoja nao. Mzazi asiyelijua hilo huona ugonjwa mahali pasipo na ugonjwa, naye huongeza maziwa.

Hapo ndipo madhara huanzia. Maziwa ya ng'ombe ni chakula chema, ila yana madini ya chuma kidogo mno. Mtoto anywaye zaidi ya nusu lita kwa siku hukosa nafasi ya maharage, dagaa na maini. Chai huzidisha tatizo, kwa kuwa huzuia madini hayo kufyonzwa. Damu ikipungua, hamu ya kula hupungua zaidi.

Kwa hofu, baadhi ya walezi humlaza mtoto, wakambana pua na kummiminia uji. Hufanya hivyo kwa mapenzi, lakini uji huweza kuingia katika njia ya hewa ukaleta nimonia, au ukampalia hata kumuua. Anayesalimika huanza kuliogopa bakuli. Hongo ya pipi nayo humfundisha kwamba pipi ndiyo tunu na mboga ndiyo adhabu.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliigawa kazi hii vizuri: mzazi huamua chakula gani kiliwe, saa ngapi na wapi, mtoto huamua kiasi, na hata kama atakula. Kwa vitendo, ni milo mitatu na vitafunwa viwili, kama ndizi mbivu au yai, kwa saa zinazojulikana. Katikati ni maji tu. Anayenyonya bado aendelee kunyonya, ila mlo utangulie. Apewe sahani yake mwenyewe, akae na wenzake, simu na televisheni zizimwe, na baada ya nusu saa sahani iondolewe bila ugomvi. Mboga mpya iwekwe kidogo kando ya chakula akipendacho. Huenda akaikataa mara kumi kabla ya kuionja, ilhali wengi hukata tamaa mara ya tatu. Bibi na dada wa kazi wahusishwe, maana biskuti moja ya saa sita huvuruga mpango wote.

Unga wa uji uliochanganywa nafaka nane na karanga si tiba ya mtoto huyu. Karanga na nafaka zikihifadhiwa vibaya huota sumukuvu, na wingi wa viungo hauzidishi hamu ya kula.

Yote haya yanamhusu mtoto ambaye kadi yake ya kliniki inaonyesha kwamba anakua. Mhudumu aitazame kadi hiyo kabla ya kutoa ushauri wowote. Uzito uliosimama au kushuka, homa au kikohozi kisichokwisha, vidonda vya kinywani, viganja vyeupe, au kula udongo ni sababu ya kumchunguza, ikiwemo kupima damu na choo. Mwenye miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake haufiki sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.