Usikimbilie Kuchomelea Bampa la Kizamani

Bampa la gari la kizamani likianza kulegea upande mmoja, mara nyingi bampa lenyewe ni zima. Kromu bado inang'aa, mkunjo haujapinda. Kilichokwisha ni kipande chembamba kuliko kidole cha mwisho: studi iliyochomelewa nyuma ya bampa, inayopenya kwenye kishikio cha chasi na kukazwa nati kwa ndani. Studi hiyo ikikatika, bampa linapiga kelele kwenye kila shimo, na studi iliyobaki inaanza kubeba mzigo wa mbili. Haichukui muda nayo inachoka.

Kwenye gereji nyingi za Temeke na Kinondoni dawa inajulikana. "Lete tuchomelee, bosi, dakika tano tu." Waya wa ardhi unabanwa kwenye bampa, cheche zinaruka, studi mpya inasimama, mteja analipa na kuondoka. Akija kuosha gari anakuta upande wa mbele, sambamba na palipochomelewa, pana duara la buluu na kahawia. Mvua za masika zikipita, duara hilo linaanza kutoa magamba. Studi imepona, bampa limeharibika. Naandika makala haya kwa sababu hasara hiyo inaepukika kwa mafundi na mashine zilizopo hapa hapa mjini, na kwa sababu bampa la Peugeot 404 au Morris Minor likiharibika huwezi kuingia duka la spea la kawaida Kariakoo ukachukua jingine.

Magari haya yana haki ya kushughulikiwa kwa uangalifu. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo magari yalipita kwenye vumbi na tope la nchi zetu kwa siku kadhaa mfululizo. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell. Kwa hiyo 404 iliyoegeshwa chini ya mwembe Magomeni au Chang'ombe ni sehemu ya historia ya mji huu, sawa na Rolls-Royce ya Mwalimu Nyerere iliyohifadhiwa Makumbusho ya Taifa, ambayo kabla yake ilitumiwa na serikali ya kikoloni. Tofauti ni kwamba ile ya makumbusho iko chini ya paa, na hii ya mtaani inalala nje.

Kulala nje, kwa mji wa pwani, ndiko kunakoua studi. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na ukingo wa bampa uliokunjwa kwa ndani unakusanya vumbi na maji yasiyokauka upesi. Kromu tunayoiona ni utando mwembamba mno, kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli, kisha ndipo bati la chuma. Nikeli na chuma vikikutana kwenye maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, tena kwa kasi kuliko kingekuwa peke yake. Upande wa nyuma, ambako kromu hupakwa kwa unene mdogo zaidi au haifiki kabisa, kutu inaanzia kwenye shina la studi na kwenye hesi zilizo ndani ya nati. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo inabana nati na studi vikawa kama kitu kimoja. Anayekuja na spana ndefu na kuvuta kwa nguvu hafungui nati. Anaisokota studi mpaka inakatika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuiokoa studi kabla haijavunjika. Sugua hesi zinazoonekana kwa brashi ya waya, weka mafuta ya kulegeza kutu, au oili nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa, kisha iache ilale usiku mzima. Kesho yake unajaribu kwa spana fupi: robo mzunguko kufungua, kidogo kurudi, mafuta tena, kufungua tena. Ikigoma kabisa, nati ndiyo itolewe kafara. Inakatwa ubavuni kwa msumeno wa chuma au kupasuliwa kwa tindo, taratibu, bila kugusa hesi. Nati nyingine ya kuziba nafasi yake itapatikana siku hiyo hiyo.

Hapo kuna mtego ambao nimeona ukiwagharimu hata mafundi wazuri. Studi nyingi za magari ya Kifaransa na Kijerumani ni za milimita 8, nati yake inafunguliwa kwa spana namba 13. Lakini magari ya Kiingereza ya zamani, kama Morris Minor na Land Rover za mwanzo, yanatumia vipimo vya inchi. Studi ya inchi 5 kwa 16 ina unene wa milimita 7.94, na kwa macho huwezi kuitofautisha na ya milimita 8. Nati yake mara nyingi inataka spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ukitumia 13 inacheza, na kwenye nati yenye kutu mchezo huo mdogo unatosha kulainisha pembe zote sita. Mbaya zaidi ni nati ya milimita 8 kulazimishwa kwenye studi ya inchi. Inaingia mizunguko miwili mitatu, inakaza, fundi anadhani imefika kumbe inakata hesi. Dawa ni kipimo cha hesi, kile cha majani membamba yenye meno. Kama hakipo, chukua nati iliyotoka upande mzima wa bampa hilo hilo uifanye kigezo.

Studi ikiwa imekwisha kuvunjika, bampa lifunguliwe lote na lipelekwe mezani. Kuchomelea likiwa kwenye gari ni kuhatarisha rangi na nyaya, na betri ikiwa haijatolewa waya, hata mfumo wa kuchaji. Bampa linalazwa juu ya blanketi, uso wenye kromu ukitazama chini. Kisiki cha studi kinasagwa kwa grenda mpaka kilingane na bati, na eneo linalokizunguka linasuguliwa mpaka chuma cheupe kionekane. Wapo wanaotaka kutoboa kisiki na kuchonga hesi mpya ndani yake. Njia hiyo inafaa kwenye chuma kinene kama cha injini. Bati la bampa ni jembamba, keekee ikiteleza kidogo tu tundu linatokea mbele.

Njia ninayoipendekeza inaanzia kwa fundi wa kukereza, na Dar es Salaam ina wengi wenye mashine hizo. Anapewa kipande cha studi ya zamani, anatengeneza mpya yenye urefu na hesi zile zile. Kisha studi hiyo inachomelewa kwenye kipande cha bati nene kiasi cha milimita 3, kipana kama nusu ya kiganja, *mbali na bampa*. Moto wote unaishia kwenye kile kipande. Kikishapoa kinagongwa taratibu juu ya bomba mpaka kiufuate mkunjo wa bampa, bila mwanga kupita katikati.

Kinachobaki ni kukishika. Gundi ya chuma ya mirija miwili inafanya kazi hiyo vizuri, mradi pande zote mbili zimesuguliwa na kufutwa kwa tina, na ikaachwa ikauke siku nzima kabla ya kubebeshwa uzito. Wengi wanaidharau gundi kwa sababu waliipaka juu ya kutu au waliharakisha. Ila ina udhaifu wa kweli: inastahimili kusukumwa kwa pembeni kuliko kubanduliwa, na nati ya bampa inavuta kwa kubandua. Ndiyo maana kipande kinatakiwa kiwe kipana, na pale bampa linapokuwa na ukingo uliokunjwa, kirefushwe mpaka kwenye ukingo huo na kushikwa kwa ribiti mbili ndogo mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Kuna mabampa ambayo nafasi ya nyuma ni finyu na kipande hakiingii. Hapo itabidi kuchomelea, na ndipo unapomjua fundi. Anaweka mashine ya gesi yenye waya mwembamba badala ya vijiti vinene. Upande wa kromu anaegemeza bonge la shaba au alumini linyonye joto, na kitambaa kilicholowa pembeni. Anagusa mara moja, anasubiri hadi kiganja kiweze kukaa juu ya chuma, ndipo anagusa tena. Studi iliyopakwa zinki inasagwa kwanza mpaka zinki iishe, kwa sababu moshi wake mweupe unaleta homa, na moshi wa kromu iliyoungua una sumu mbaya zaidi. Kazi hiyo ifanyike uwanjani, penye upepo. Ukimwona fundi anachomelea ndani ya kibanda huku kijana wake anamshikia bampa bila kinga yoyote, mwombe asimamishe.

Siwalaumu vijana wa gereji kwa kutolijua hili. Wamejifunzia kwenye magari yaliyotumika Japani, ambayo mabampa yake ni ya plastiki yaliyoshikwa kwa klipu. Mabadiliko hayo ya kutoka chuma kwenda plastiki yalichochewa kwa sehemu na sheria za Marekani zilizoanza na magari ya 1973, zilizotaka mabampa yahimili migongano ya mwendo mdogo. Viwanda vikaanza kuachana na chuma chembamba chenye kromu. Mafundi wa Dar waliofanya kazi baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipoadimika na spea zikawa hazionekani, walikuwa wakichonga wenyewe vitu vikubwa kuliko studi. Baadhi yao bado wapo kwenye karakana. VETA Chang'ombe ingefanya jambo la maana kuwaalika wasimame mbele ya wanafunzi hata kwa wiki moja, na bampa bovu moja mezani.

Mwenye gari naye ana la kufanya. Unapokwenda kwa fundi wa kukereza, chukua studi iliyokatika, nati yake, washa zake zote na kishikio cha chasi. Tundu la kishikio likiwa limepanuka au kishikio kimepinda, studi mpya itavutwa upande tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kinyooshwe kabla ya yote. Wakati wa kufunga, nati zote ziingizwe kwa vidole, bampa lisawazishwe kushoto na kulia, ndipo spana ipite, kidogo huku na kidogo kule. Hesi zipakwe grisi, nyuma ya bampa ipigwe rangi ya kuzuia kutu, na kila ukiosha gari elekeza mpira wa maji ndani ya ule ukingo uliokunjwa.