Anita Alvarez na pumzi inayobanwa majini

Wengi wanamjua Anita Alvarez kwa picha moja: amelegea chini ya maji huko Budapest, na kocha wake wa wakati huo, Andrea Fuentes, anapiga mbizi kumfuata akiwa na fulana na kaptula yake. Ilikuwa Juni 2022, fainali ya mchezaji mmoja mmoja katika mashindano ya dunia ya uogeleaji wa kisanii. Kwangu mimi picha hiyo imemnyima haki yake Mmarekani huyu, maana inamwonyesha kama mtu dhaifu.

Kilichomzimisha ni ugumu wa mchezo wenyewe. Hairuhusiwi kukanyaga sakafu ya bwawa. Mwogeleaji hujibeba kwa mikono, kichwa kikiwa chini na miguu juu, pua imezibwa kwa kibanio, na muda mwingi pumzi ameibana huku misuli ikiteketeza oksijeni. Kinachomfanya mtu ahisi lazima avute hewa ni hasa kaboni dayoksaidi inayojaa kwenye damu, wala si upungufu wa oksijeni. Aliyefanya mazoezi kwa miaka hujifunza kuuvumilia msukumo huo, na hapo ndipo penye hatari: oksijeni huweza kushuka hadi ubongo ukazima bila onyo la kutosha. Vijana wanaohema harakaharaka kabla ya kupiga mbizi hujiweka katika hatari hiyohiyo, kwa sababu wanaipunguza kaboni dayoksaidi lakini oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Tafadhali, msishindane kubana pumzi.

Fuentes alielewa mara moja. Yeye mwenyewe ana medali nne za Olimpiki alizoshinda akiogelea kwa ajili ya Hispania, na mwaka uliotangulia, kule Barcelona, alikwisha kumtoa Alvarez majini katika hali kama hiyo. Mtu aliyemaliza onyesho huibuka haraka kutafuta hewa. Huko Budapest, Alvarez alikuwa anazama. Baada ya siku chache Alvarez alitaka kurudi bwawani na timu yake, shirikisho la kimataifa likamkatalia. Lilifanya vyema.

Basi, mbali na picha hiyo, Alvarez amefanya nini katika mchezo huu? Alizaliwa mwaka 1996 na kukulia jirani na Buffalo, jimbo la New York, mama yake akiwa mwogeleaji wa mchezo huohuo. Aliiwakilisha Marekani katika mashindano ya wawili wawili kwenye Olimpiki ya Rio 2016, kisha ya Tokyo, bila medali. Timu kamili ya Marekani haikuwa imefuzu Olimpiki tangu 2008. Ilifuzu kwa Paris 2024, naye akiwamo, Fuentes akiwa kocha. Katika onyesho lao la ufundi walikuwa vichwa chini, nyayo zikiteleza kinyumenyume kwenye uso wa maji kwa ule mwendo wa Michael Jackson. China ilichukua dhahabu, Marekani fedha: medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huu tangu Athens 2004.